Shimo la Nkongolo: hadithi ya Waluba kwa macho ya Freud, na somo lake kwa watoto wa Lubumbashi

LUBUMBASHI – Mfalme anamwalika mpwa wake kucheza ngoma mbele ya watu. Kwenye uwanja, chini ya mkeka, kumechimbwa shimo, na ndani ya shimo mikuki imesimamishwa, ncha zikitazama juu. Kijana anaingia akicheza. Mpiga ngoma, ambaye anaijua siri, anabadilisha mdundo. Kijana anaelewa. Anachoma mkuki wake kwenye mkeka, mkeka unatoboka, shimo linaonekana wazi. Anageuka na kukimbia mpaka ngambo ya mto Lualaba.

Mfalme huyo ni Nkongolo Mwamba. Kijana ni Kalala Ilunga, mtoto wa dada yake. Ni hadithi ya mwanzo wa ufalme wa Waluba, na wazee wa Katanga wameisimulia kwa vizazi vingi. Ilifika pia Lubumbashi pamoja na familia zilizokuja kutafuta kazi katika migodi na viwanda vya shaba.

Wengi wanaisikia kama hadithi rahisi: kuna mtu mbaya na mtu mwema, na mwema anashinda. Lakini kuna namna nyingine ya kuisoma, inayotoka katika psikanalizi, elimu ambayo Sigmund Freud aliianzisha huko Vienna ili kuchunguza yale ambayo mtu anayaficha ndani ya moyo hata yeye mwenyewe asiyajue. Ukiisoma hivyo, hadithi hii inauliza swali linalogusa nyumba nyingi za Lubumbashi leo: ubaya unatoka wapi, na kwa nini mara nyingi mtu mzima anauona kwa mtoto?

Mfalme mwekundu na mwindaji mweusi

Hadithi ina namna nyingi za kusimuliwa. Zamani ilihifadhiwa na watu wa chama cha Mbudye, waliosoma historia ya ufalme kwa vidole juu ya lukasa, ubao wenye shanga na alama. Wakati wa ukoloni, wamisionari na watawala waliiandika. Mnamo mwaka wa 1972, Mbelgiji Luc de Heusch, mtaalamu wa mila na desturi, aliichambua kwa kirefu katika kitabu chake Le Roi ivre, yaani Mfalme mlevi. Majina na matukio yanabadilika kidogo toka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine, lakini mifupa ya hadithi ni ile ile.

Nkongolo ni mtu mwenye ngozi nyekundu, mkali na mlevi. Anakula mbele za watu, anacheka kinywa wazi, analala na dada zake mwenyewe. Utawala wake ni wa nguvu tu. Siku moja anafika mgeni toka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwindaji mweusi, mtoto wa mfalme. Mbidi hali chakula mbele ya watu: anajificha, kama adabu ya ukoo wake inavyotaka. Nkongolo haelewi adabu hiyo na anaona amedharauliwa.

Mbidi anawaoa dada za Nkongolo, kisha anarudi kwao. Nyuma yake anazaliwa Kalala Ilunga, mtoto wa Bulanda. Kabla ya kuondoka, Mbidi anamwachia mganga Mijibu wa Kalenga kazi ya kumlinda mtoto.

Mtoto anakua na kuwapita wote kwa mbio, kwa ngoma na kwa michezo. Nkongolo anashindwa mchezoni na mpwa wake, na mama yake mzazi anacheka. Kwa hasira, Nkongolo anaamuru mama yake azikwe akiwa hai. Baadaye ndipo inakuja siku ya ngoma na shimo la mikuki. Kalala anatoroka, anapata askari toka kwa baba yake, anarudi. Nkongolo anakimbilia milimani, anakamatwa na kukatwa kichwa. Kichwa na kiwiliwili vinazikwa mbali mbali. Kalala anakuwa mfalme.

Freud na hadithi ya mtu wa mchanga

Freud mwenyewe alipenda kusoma hadithi fupi. Mwaka wa 1919 aliandika makala juu ya woga unaotokana na kitu tunachokijua toka zamani, lakini kinachorudi kwa sura ngeni. Mfano wake mkubwa ulikuwa hadithi ya Mjerumani E.T.A. Hoffmann iliyotoka mwaka wa 1816, juu ya mtoto aitwaye Nathanael. Yaya anamwambia mtoto kwamba usiku anakuja mtu wa mchanga: anawamwagia watoto wasiotaka kulala mchanga machoni, anawang'oa macho, na kuyapeleka mwezini kuwalisha watoto wake. Mtoto anaamini kwamba mtu huyo ni Coppelius, mwanasheria mwenye sura ya kutisha anayekuja usiku kumtembelea baba yake. Halafu baba anakufa, na mtoto anamwona Coppelius kuwa ndiye mwuaji.

Kwa Freud, baba mwema na Coppelius mbaya ni nusu mbili za mtu mmoja. Kila mtoto anampenda baba yake na pia anamwogopa, hata anamchukia, kwa sababu ndiye anayekataza na kuadhibu. Ni vigumu kwa mtoto kubeba hisia hizo mbili kwa mtu mmoja. Basi anampasua baba katikati: upendo wote unakwenda kwa mmoja, chuki yote inakwenda kwa mwingine.

Melanie Klein, aliyefanya kazi London na watoto wadogo sana, aliendeleza wazo hilo. Katika maandishi yake ya mwaka wa 1946 alieleza kwamba mtoto mchanga anaigawa dunia katika vitu vyema kabisa na vitu vibaya kabisa, na ule ubaya anaousikia ndani yake anautupa kwa mwingine. Kukua, kwa Klein, ni kufika siku ya kugundua kwamba mama anayenyonyesha na mama anayechelewa ni yule yule mmoja. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka wa 1976 juu ya hadithi za watoto, alieleza mama wa kambo kwa njia hiyo: mtoto anamweka mama mbaya pembeni ili mama yake wa kweli abaki safi.

Baba aliye mbali, mjomba aliye karibu

Ukirudi kwa Nkongolo ukiwa na mambo hayo, picha inabadilika. Kalala Ilunga ana wanaume wawili juu yake. Mmoja ni baba asiye na doa: mzuri, mwenye adabu, mwenye damu ya kifalme, lakini hayupo. Mwingine yupo kila siku: anakula, analewa, anatawala, anaadhibu, ana wivu. Katika maisha ya kawaida baba mmoja anabeba yote hayo. Hadithi imempasua, kama Nathanael alivyompasua wa kwake.

Hapo kuna mjadala wa zamani. Freud aliamini kwamba kila mtoto wa kiume, pahali popote duniani, anagombana moyoni na baba yake. Mwaka wa 1927, Bronislaw Malinowski, aliyekaa katika visiwa vya Trobriand karibu na Guinea Mpya, alisema hapana: huko mwenye mamlaka juu ya mtoto ni ndugu ya mama, na chuki ya kijana inamwendea mjomba, wakati baba ni rafiki. Wafuasi wa Freud hawakukubali, na mabishano yaliendelea miaka mingi.

Mtu wa Katanga hahitaji kwenda Trobriand ili kuelewa mabishano hayo. Wabemba, Walamba na Wasanga wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwao mjomba ni mtu mkubwa katika mambo ya ndoa, kilio na urithi. Waluba wengi wanahesabu kwa upande wa baba. Lubumbashi wote wanakaa jirani, wanaoana, na mara nyingi ugomvi juu ya watoto wa marehemu unaanzia hapo. Hadithi ya Nkongolo imesimama juu ya mpaka huo huo: mtoto anakulia kwa mjomba, lakini haki yake inatoka kwa baba.

Na bado damu haigawanyiki. Bulanda, mama ya Kalala, ni dada ya Nkongolo. Mfalme mwema ana ndani yake damu ya mfalme mbaya. Ili ashike utawala, yeye pia anaua, tena anaua ndugu ya mama yake. Na Nkongolo haishi kabisa. Katika Kiluba, jina lake ni jina la upinde wa mvua, na de Heusch anaeleza kwamba upinde huo ni nyoka anayezuia mvua. Kichwa kimekatwa, kimezikwa mbali na mwili, lakini kila mvua ikikatika mfalme mwekundu anaonekana tena mbinguni. Freud alisema jambo linalofanana na hilo: kile ambacho mtu anakizika ndani ya moyo wake bila kukitazama, kinarudi.

Tahadhari ya Mudimbe

Je, ni haki kuichukua elimu iliyozaliwa Vienna na kuiweka juu ya hadithi ya Waluba? Swali hilo lina historia yake hapa Lubumbashi. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka wa 1941 na kufariki Marekani mwezi wa Aprili 2025, alifundisha katika chuo kikuu cha mji huu katika miaka ya 1970, baada ya mabadiliko ya 1971 kuiweka fakulté ya lettres Lubumbashi. Mwaka wa 1982 alitoa kitabu L'Odeur du père, yaani Harufu ya baba. Baba huyo ni Ulaya, na elimu zake za binadamu. Kwa Mudimbe, Mwafrika anayetaka kufikiri kwa uhuru hawezi kumkimbia baba huyo hivi hivi. Kwanza lazima ajue ni kwa kiasi gani harufu yake imebaki ndani ya mawazo yake mwenyewe, hata katika maneno anayoyatumia kumkataa. Baadaye, katika Parables and Fables cha mwaka wa 1991, alizisoma pia simulizi za asili za Waluba.

Kuna sababu nyingine za kwenda polepole. De Heusch aliona katika Nkongolo na Mbidi mapambano ya kiangazi na mvua, ya ardhi na mbingu, kuliko siri za moyo wa mtoto. Wanahistoria nao wanakumbusha kwamba hadithi ya namna hii ilikuwa hati ya utawala: ilieleza kwa nini ukoo fulani una haki ya kuongoza. Mshindi ndiye aliyesimulia, na mshindi alikuwa na faida kumchora aliyeshindwa kuwa mlevi na mwenye kulala na dada zake.

Lakini jambo hilo la mwisho linaipa psikanalizi nguvu, haliiondoi. Mtu anayetaka kutawala anamvika mwenzake ubaya wote ili yeye abaki msafi. Ndiyo kazi ile ile ya kupasua na kutupia mwingine, mara hii ikifanywa na watu wazima, kwa faida yao.

Wakati mtoto ndiye anayeitwa mbaya

Kazi hiyo inafanyika Lubumbashi leo, na wanaolipa ni watoto. Katika mji huu, kama katika miji mingine ya Kongo, watoto wanashitakiwa ulozi na watu wa nyumbani kwao. Baba amepoteza kazi, mama amekufa, mtoto mchanga hapati nafuu, biashara imeanguka: macho yanamgeukia mtoto mmoja. Mara nyingi ni yatima, mtoto wa ndoa ya kwanza anayekaa na mama wa kambo, au mtoto anayekojoa kitandani, anayeota usiku, mwenye kifafa au mwenye ulemavu. Wengine wanapelekwa katika vyumba vya maombi, wanafungiwa, wananyimwa chakula ili wakiri. Wengine wanaishia barabarani.

Kwa nini mtoto? Mwaka wa 1966, Marie-Cécile na Edmond Ortigues, waliofanya kazi ya psikanalizi katika hospitali ya Fann huko Dakar, Senegal, walitoa kitabu Œdipe africain. Waliona kwamba wagonjwa wao hawakuzungumza sana juu ya kosa lao wenyewe. Walizungumza juu ya mtu anayewafanyia mabaya: ubaya ulikuwa unatoka nje. Kitabu hicho kimepingwa na kutetewa, na Senegal si Katanga. Lakini kinasaidia kuelewa jinsi hasira au aibu ambayo mtu hawezi kuikubali ndani yake inavyoweza kupata sura ya mwingine.

Na hasira na aibu hazikukosa sababu. Kwa miaka mingi Union Minière, kisha Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali na masomo ya watoto. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika historia ya mamlaka ya baba katika familia hizo za wafanyakazi. Kitabu chake cha mwaka wa 2001 kinaitwa Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Miaka michache baadaye, kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango uliopewa jina la départs volontaires, kuondoka kwa hiari. Baba aliyekuwa analeta gunia la unga alikaa nyumbani bila mshahara, na mara nyingi ni mama na watoto waliotafuta chakula kwa kuuza barabarani au kuchimba mawe.

Baba mwema hayupo tena, na baba aliyepo ana aibu. Nani atabeba ubaya huo? Kampuni iko mbali, serikali iko mbali, na kujikasirikia mwenyewe ni kugumu. Mtoto yuko karibu, na hana wa kumtetea.

Sheria imesema wazi. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu chake cha 160, inamtishia anayefanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Lakini sheria inafika mtoto akiwa amekwisha kufukuzwa. Mashitaka yenyewe yanaanza mapema zaidi, mezani, mtu mzima anapoanza kumtazama mtoto kwa jicho jingine.

Nani alimwona mtoto kuwa hatari?

Ndiyo maana hadithi ya zamani inastahili kusikilizwa tena. Katika nyumba ya Nkongolo, mtu mzima ndiye anayeamini kwamba mtoto ni hatari. Mtoto hajafanya ubaya wowote: amecheza vizuri tu. Hofu yote iko kwa mjomba, na shimo lote limechimbwa na mjomba. Wazee waliosimulia walijua kuiweka lawama pahali pake. Hawakusema kwamba Kalala ni mlozi kwa sababu aliwashinda wakubwa. Walisema kwamba Nkongolo hakuweza kuvumilia kushindwa.

Tena shimo linaonekana mara mbili. La kwanza ni la mama ya Nkongolo, aliyecheka. Kicheko chake kilimwonyesha mwanawe jinsi alivyo: mfalme anayeshindwa na kijana. Nkongolo alikifunika kicheko hicho kwa udongo asijione, na baada ya hapo shimo la pili likawa rahisi. Mtu asiyetaka kuona ubaya wake atahitaji daima mtu mwingine wa kuzika.

Linganisha pia mganga. Mijibu wa Kalenga ni mtu wa mambo yaliyofichika, mwenye kusikilizwa na wakubwa. Angeweza kumwambia Nkongolo kile ambacho Nkongolo alitaka kusikia. Kazi aliyoikubali ilikuwa kumlinda mtoto. Katika Lubumbashi ya leo, mchungaji ambaye familia inamletea mtoto wa kutolewa pepo yuko katika nafasi ile ile: anaweza kuitikia hofu ya wazazi, au kuwauliza ni nini kimevunjika nyumbani kwao.

Na kuna yule mpiga ngoma. Hadithi haisemi mengi juu yake. Hana jeshi, na anapiga ngoma ya mfalme, kwa hiyo anakula mkate wa mfalme. Analoweza kufanya ni dogo: kubadilisha mdundo wakati mtoto anakaribia mkeka. Jirani anayesikia kilio usiku, mwalimu anayeona mtoto amekonda na ana alama mwilini, shangazi anayejua kile kilichosemwa kwenye mkutano wa familia, wote wanasimama pahali aliposimama mpiga ngoma. Bila yeye, ufalme wa Waluba ungekwisha kabla ya kuanza, ndani ya shimo, chini ya mkeka, na watu wangeendelea kucheza juu yake.